Hongo, Posho na Mswada wa Filamu: Juu ya Kisa cha Msafara Kilichochakaa

Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Urambo, aliniletea mswada wa filamu juu ya Mtemi Mirambo ili niutazame kwa upande wa lugha. Mswada ulifunguliwa na Mzungu mwenye kofia ya jua akipenya msituni, ukafungwa na kifo cha mtemi huku ngoma zikilia. Kati ya hayo mlikuwa na mapigano sita. Wenzangu wa fasihi waliousoma walitoa hukumu moja: utanzu huu umekwisha, kijana atafute habari nyingine. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo.

Ni kweli kwamba kisa cha msafara kimechakaa. Hollywood ilitoa filamu ya Stanley na Livingstone mwaka 1939, Spencer Tracy akiigiza kama Stanley. Mwaka 1990 ikafuata Mountains of the Moon, juu ya Burton na Speke, ambao walifika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857. Nasi tunapotaka kujibu, mara nyingi tunabadili rangi tu: shujaa wa Kizungu anaondoka, shujaa wa Kiafrika anakalia kiti kile kile, tena akisifiwa kuwa ni Bonaparte, mfano ambao Mirambo alipewa na Stanley mwenyewe. Jibu la namna hiyo bado linaongozwa na yule anayejibiwa.

Hata hivyo, kuchakaa kwa kisa si kuchakaa kwa utanzu. Mshairi wetu hatafuti bahari mpya kila anapotunga. Mizani kumi na sita kwa mshororo zinatumika tangu enzi za Muyaka na bado zinazaa. Kinachochakaa, kwa maoni yangu, ni mahali anaposimama msimulizi na, zaidi ya yote, maneno anayowapa wahusika wake.

Tuchukue neno hongo. Leo maana yake ni rushwa. Katika njia ya misafara hongo ilikuwa ushuru ambao mtemi alimtoza mpitaji, kwa kawaida kwa nguo au shanga. Kiwango kilijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, na wapagazi waliongoja walipaswa kupewa posho vilevile. (Posho nayo ilikuwa chakula cha siku cha mchukuzi kabla haijawa kitu tunachokigombea vikaoni.) Ugomvi wa Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, ambao mwaka 1871 ulilipuka kuwa vita, kwa sehemu kubwa ulihusu jambo hilohilo: nani atoze, nani apite. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa, naye akalazimika kuzungukia kusini. Mkutano wa Ujiji ambao dunia nzima inaukariri una nyuma yake mtemi aliyefunga njia. Sasa, neno lililotaja haki ya mtawala liliporomokaje hata likataja kosa la jinai? Filamu zetu za video zina askari wala rushwa chungu nzima. Sijaona hata moja inayouliza hivyo.

Au tutazame kisa cha mshamba anayepotea mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora na baadaye akawa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, habari ya mtu wa shamba na matapeli wa mjini. Tumeirudia habari hiyo hadi leo. Lakini kijana wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alikwenda pwani na mzigo begani, akalipwa, akarudi kwao. Safari hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya kukua kwake. Mji haukummeza. Mwandishi anayelijua hilo anao mkononi utanzu uleule, ila umepinduliwa.

Kosa kubwa zaidi la mswada niliouona halikutajwa na wenzangu. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, anazungumza humo Kiswahili cha taarifa ya habari, lahaja iliyosanifiwa na Kamati iliyoundwa mwaka 1930. Wapagazi wanajibu kwa lugha hiyohiyo. Kinyamwezi hakisikiki hata katika matusi! Mahali ambapo lugha zilikutana kila siku, ambapo mkalimani aliweza kuongeza doti mbili kwa kutafsiri vibaya makusudi, pamenyooshwa kama barabara ya lami.

Itasemwa kwamba mtazamaji anataka vita. Pengine. Lakini vita vinahitaji watu mia na bunduki za kukodi, hali majadiliano ya hongo yanahitaji mwembe, watu sita na jora la kaniki. Sidhani mwenye kitega uchumi atalalamika.

Mswada ulirudi mwezi uliopita. Unafunguliwa na mkalimani akihesabu nguo kwa sauti, mara mbili, kwa lugha mbili, na hesabu hazilingani. Stanley haonekani hadi ukurasa wa arobaini. Mapigano yamebaki mawili. Nimemwomba kijana aondoe moja.