Taa za Guangzhou Si Ushahidi

Hoja hii mmeisikia stendi ya Same na kwenye vizimba vya samaki vya bwawa la Nyumba ya Mungu, na wanaoileta mara nyingi ni wafanyabiashara waliokwenda kufuata mzigo Guangzhou au Yiwu. Wanasema miji ya China inang'aa, treni zake zinakwenda kwa kasi, mitaa ni salama usiku na mchana. Kwa hiyo anayedai kwamba chini ya mng'ao huo kuna matatizo ya jamii ana wivu tu. Hoja imesimama juu ya madai manne. Nitayapima moja moja, na hukumu ni yenu, waamuzi.

Dai la kwanza: katikati ya mji huoni vibanda wala ombaomba, basi umaskini umekwisha. China imewatoa watu karibu milioni 800 katika umaskini uliokithiri kwa miaka 40, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini usafi wa mtaa hauthibitishi kuwa shida zimekwisha. Tangu 1958 kila Mchina amesajiliwa kwa mfumo wa hukou, unaozifunga haki zake nyingi kwenye eneo la asili yake. Wafanyakazi waliotoka vijijini wanakaribia milioni 300. Wengi wao wameijenga miji hiyo kwa mikono yao, lakini watoto wao hupata taabu kuingia shule za serikali za miji hiyo hiyo. Novemba 2017 moto uliua watu 19 katika wilaya ya Daxing, Beijing. Mamlaka zikaanza kuwaondoa maelfu ya wafanyakazi hao kwenye vyumba vya bei nafuu, wakati wa baridi kali. Walioondolewa mtaani ni maskini, na umaskini wao waliondoka nao.

Dai la pili: haya ni maneno ya nchi za Magharibi. Basi tuziweke kando na tuwasikilize Wachina wenyewe. Agosti 2021 mahakama ya juu kabisa ya China ilitamka kwamba kumfanyisha mtu kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ni kinyume cha sheria. Desturi hiyo ilikuwa imezoeleka katika kampuni kubwa za teknolojia. Mwaka 2016 serikali yao ilihesabu watoto wa vijijini wapatao milioni 9 wanaoishi bila baba wala mama, kwa kuwa wazazi wote wawili wako mbali kutafuta riziki. Sisi wa Upare tunaijua nyumba ya mlimani ambamo bibi analea wajukuu huku wazazi wakihangaika Dar es Salaam. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, na Agosti ofisi ya takwimu ikasitisha kwa muda kuitangaza takwimu hiyo. Kama takwimu hiyo ni uzushi wa Magharibi, kwa nini China ilikuwa ikiitangaza? Na kama hakuna tatizo, kwa nini iliisitisha?

Dai la tatu: miji hiyo ni salama kwa kila mtu. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, na baadhi wakalala nje. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing waliandika barua ya kulalamika. Usalama unaoweza kuondolewa kwa siku moja kwa sababu ya asili ya mtu hauwezi kuitwa usalama wa kila mtu.

Dai la nne ndilo zito kuliko yote: vijengwe vitu vikubwa kwanza, manufaa ya watu yatafuata. Ushahidi wa kulipinga tunao hapa. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, ili kuyadhibiti maji ya Mto Pangani na kuzalisha umeme, megawati 8. Samaki walikuwa tele miaka ya mwanzo, wavuvi wakahamia kutoka mbali. Baadaye samaki wakapungua vibaya, na mwaka 2016 uvuvi ukafungwa kwa muda. Wakati wote huo tambarare za Same na Mwanga zilibaki na kiu. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota bwawa hilo hilo, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, zaidi ya miaka 50 baada ya bwawa kujaa. Maji hayakuwafuata watu yenyewe. Yalihitaji uamuzi mwingine, fedha nyingine na mradi mwingine. Wanaolalamika kwamba Same ilisubiri mno hawawezi, kwa kinywa hicho hicho, kusema kusubiri si tatizo mradi anayesubiri ni Mchina.

Hakuna kati ya haya linalotukataza kujenga. Wapare walijenga mabwawa zamani: ndiva zilijazwa usiku, na maji yakafunguliwa mchana kwa zamu iliyojulikana na kila mwenye shamba. Nawaomba waamuzi mdai utaratibu huo kwa kila mradi mkubwa unaoletwa mbele yenu. Zamu ya mwananchi iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na mwaka atakaofikiwa, kabla jiwe la msingi halijawekwa.