Mwalimu wa Madrasa na Kurasa za Mtandao



Wapo wanaosema kutengeneza kurasa za masomo kwenye mtandao si kazi ya mwalimu wa madrasa. Sikubaliani nao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932, alitumia chombo cha zama zake. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wengi walibaki nyumbani bila somo.

Lakini ukurasa uwe mwepesi. Mtoto wa Bunda au Butiama pengine anasubiri simu ya baba irudi jioni, na bando lenyewe ni la kuhesabu. Njia ya mkato ni kupiga picha ubao na kuubandika. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 3. Somo hilohilo la twahara likiandikwa kwa herufi, kurasa mbili nzima, halifiki kilobaiti 10. Basi mwalimu na ajifunze kibodi ya Kiarabu, na namna ya kuuamuru ukurasa uanzie kulia, maana bila hivyo nukta na mabano hukimbilia upande usio wake. Kazi hiyo yataka subira kuliko ufundi.

Tajwidi, kwa maoni yangu, isiwekwe humo. Dhadi haijifunzwi kwa kutazama kioo cha simu; mwanafunzi aje akae mbele ya mwalimu, asikilizwe, asahihishwe. Ukurasa ubebe nguzo 6 za udhu, sira na maswali ya marudio, ili muda wa darasani ubaki kwa kisomo.