Usiharakishe Kufomati Flashi

Mtu akifungua flashi na kukuta mafaili yake yamegeuka njia za mkato, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: "Fomati." Kwa maoni yangu, ushauri huo huleta hasara kuliko virusi vyenyewe.

Kwa kawaida virusi vya aina hiyo havifuti kitu. Huyaficha mafaili halisi na kuweka njia ya mkato mahali pake, ili ukiibofya uvieneze. Kinachofuta ni kufomati. Tasnifu ya frateri au orodha ya wabatizwa wa kigango hupotea hivyo, ingawa ilikuwa bado ingali nzima ndani ya flashi.

Basi, usibofye alama hizo. Safisha kwanza kompyuta na flashi kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha, kwenye Windows, tafuta cmd, uifungue, na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yakionekana, yanakili kwenye kompyuta. Baada ya hapo, fomati ukitaka.

Hata hivyo, ofisi ya parokia isitegemee flashi moja. Kumbukumbu za waamini ni amana. Nakala ya pili ni wajibu.