Tuwaachie Watoto Kiangazi Chao

Alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, nikiwa mjini Voi nasubiri basi la kwenda Mombasa, niliwaona wasichana watatu waliovaa sare za shule. Ilikuwa bado saa kumi na moja na nusu, na shule kote nchini zilikuwa zimefungwa. Mdogo wao alikuwa amesinzia wima, kichwa chake kikiegemea nguzo ya kibanda cha muuza chai. Waliponiamkia niliwauliza waendako. "Tuisheni," akajibu mkubwa wao, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo lisilohitaji kuulizwa.

Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kuingia katika nyika ielekeayo Maungu. Yeyote aliyeipita barabara ile mwezi wa Agosti anaijua hali yake: vichaka vya miiba vya rangi ya majivu, nyasi kavu, na hapa na pale mbuyu uliosimama uchi. Mgeni akiutazama mti huo hudhani umekufa. La hasha. Chini ya gome lake mna tabaka la kijani linaloendelea kujitengenezea chakula kidogo kidogo, na shina lake limehifadhi maji. Watafiti waliochunguza mibuyu ya Madagaska wamebainisha kwamba mti huo hauitumii akiba yake ovyo ili kupambana na joto la kila siku. Huiweka kwa kazi mahususi, nayo ni kuchipuza majani mapya kabla mvua haijanyesha. Matone ya kwanza ya vuli yanapoanguka, huukuta mbuyu umekwisha kujiandaa kuyapokea.

Nimelitafakari sana jambo hili, kwa sababu linapingana na fundisho tunalowapa wanafunzi wetu. Tumezoea kuwaambia kwamba mchumia juani hulia kivulini, yaani pumziko ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa. Mbuyu unatwambia kinyume chake. Pumziko lake hutangulia kazi, na ndilo linaloiwezesha. Mti ambao ungekataa kupukutisha majani mwezi wa Julai kwa kuogopa kuachwa nyuma na wenzake usingefika Novemba.

Lugha yetu yenyewe inalifahamu jambo hili kuliko sisi tunaoizungumza. Kitenzi "kupumzika" kina undugu na "pumzi" na "kupumua". Kwa hiyo anayepumzika, kwa asili ya neno, ni mtu anayerudisha pumzi yake. Hakuna awezaye kuvuta pumzi bila kuitoa. Neno "starehe" nalo limepata ajali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kupumzika. Hadi leo pwani mtu akitaka kuinuka ili akupishe kiti, unamwambia, "Starehe," yaani kaa, usijisumbue. Lakini katika vinywa vya wengi wetu neno hilo limehamia kwenye anasa, vileo na ubadhirifu. Jamii iliyofikia hatua ya kulitazama neno la pumziko kwa jicho la shaka, si ajabu ikimshuku pia mtoto aliyeketi kivulini bila kitabu mkononi.

Athari zake tumeziona. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wakuu wa elimu waliamua kuufidia muda uliopotea kwa kuibana kalenda. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwezi wa Julai ukamalizika Machi 2022. Ule wa 2022 ukaanza mwezi uliofuata na kwisha Novemba. Mihula ikakunjwa, likizo zikawa za siku chache tu. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2021 mabweni yakaanza kuungua katika sehemu nyingi za nchi, na hatimaye Wizara ikalazimika kuwapa wanafunzi wa sekondari mapumziko mafupi ambayo hayakuwamo katika kalenda. Sidai kwamba uchovu ndio uliowasha kiberiti kila mahali. Utovu wa nidhamu una mizizi mingi, na kuchoma bweni ni jinai. Hata hivyo, dawa iliyochaguliwa wakati wa dharura ilikuwa siku chache za kwenda nyumbani. Wakubwa walikuwa wameujua ugonjwa.

Cha kushangaza ni kwamba sheria tunayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaharamisha masomo ya ziada wakati wa likizo na kutaja adhabu yake. Kanuni zilizotolewa 2015 zinaweka saa za masomo darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Wasichana wale walikuwa stendi saa mbili na nusu kabla ya wakati huo, tena katika likizo.

Nakijua kisingizio chetu walimu, kwa kuwa nami ni mmoja wao: mtaala ni mrefu, mtihani haungoji, na wazazi wenyewe ndio wanaolipa. Mzazi naye ana hofu yake, kwamba mtoto akikaa bure mjini atapotoka. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini tusisahau kwamba mwalimu anayefundisha Aprili, Agosti na Desemba bila kikomo hufika darasani Januari akiwa amekauka, na kilichokauka hakinyweshi.

Wala nisieleweke kuwa naipamba nyika. Kiangazi cha Taita Taveta si bustani. Ni akina mama wenye mitungi, ni ndovu wanaotoka mbugani wakivunja mashamba kutafuta maji. Kikizidi kipimo huwa ni maangamizi: katika ukame wa 2022 nchi hii ilipoteza ndovu zaidi ya 200 katika miezi tisa. Tena likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia msimu wa vuli, mvua ambayo wakulima wa nyanda za chini huitegemea zaidi kuliko ile ya masika. Mtoto wa Mwatate hatailala likizo hiyo. Atashika jembe pamoja na wazazi wake. Hilo halinisumbui hata kidogo. Mkono unaopalilia mahindi huiachia akili nafasi ya kupumua, na mtoto hujifunza kwa nyanyake majina ya magugu kwa Kidawida au Kisagalla, majina ambayo hayamo katika silabasi yoyote. Mimi kama mwanaisimu ningelipa karo ili nipate somo hilo.

Ratiba za tuisheni ya Novemba hupangwa mapema, muhula wa tatu ukiwa bado mchanga, katika mikutano ambayo kumbukumbu zake aghalabu haziandikwi. Walimu wakuu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, pamoja na wazazi walio katika bodi za shule, ndio wenye uwezo wa kulikataa pendekezo hilo litakapoletwa mezani. Ombi langu kwao ni kwamba safari hii walikatae, na kwamba kukataa kwao kuandikwe.