Tuwaoteshe Hapa Hapa

Mwanzoni mwa 2015 kipindupindu kilizuka Migori na Homa Bay. Mwaka 2025 Migori ikarudi tena kwenye taarifa za Wizara ya Afya. Msimamo wa toleo hili ni kwamba klorini na vipimo vya haraka, pamoja na umuhimu wake, havitoshi. Bakteria wenyewe waoteshwe katika maabara za kaunti hizi mbili.

Itazame kazi yenyewe. Sampuli ya kinyesi hupakwa kwenye agari ya kijani iitwayo TCBS, sahani ikaingia inkubeta kwa nyuzi 37. Kesho yake, makoloni ya Vibrio cholerae huonekana ya njano, maana huchachusha sukari na kutoa asidi. Wakishathibitishwa, fundi huwapima kwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa aone ipi bado inawaua. Kipimo cha haraka hakitoi jibu hilo.

Tena bakteria hawa huwasiliana. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo ndogo; zikirundikana, kundi zima hubadili mwenendo kwa pamoja. Mwaka 1970 Kenneth Nealson na John Hastings, pamoja na mwenzao, walieleza jambo hili kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Vimelea wengi husubiri wawe wengi ndipo washambulie. Wa kipindupindu ni kinyume: wakiwa wachache hujenga utando na kutengeneza sumu, wakishajaa huizima sumu, huuvunja utando na kutoka kutafuta makao mapya. Maabara ya Bonnie Bassler kule Princeton imelichunguza hili kwa miaka mingi.

Lakini chupa ya Princeton si Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Uchambuzi uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa miaka ambayo gugumaji lilitanda zaidi ziwani, wagonjwa wa kipindupindu Nyanza nao waliongezeka. Je, katikati ya mizizi ile, bakteria hujazana kiasi cha kusikilizana? Anayestahili kuuliza swali hilo ni mwanafunzi anayeweza kuchota maji Homa Bay asubuhi na kuyaotesha kabla ya jua kuzama.

Tunaziomba serikali za Migori na Homa Bay zitenge, katika bajeti ijayo, fedha za agari, umeme wa akiba na mishahara ya mafundi wa maabara, mwaka mzima, si wakati wa mlipuko tu.