Sarafu ya Kila Mwezi: Wito kwa Wananchi juu ya Wasiojiweza



Nataka kunena nanyi juu ya fedha ambayo kwa miaka mingi imewafikia yatima, wajane, vipofu, wagonjwa wa muda mrefu na wazee wasiojiweza wa nchi hii kwa mkono wa makanisa, na ambayo sehemu yake kubwa ilivuka bahari kuja kwetu kwa jina la ruzuku. Fedha hiyo inapungua mbele ya macho yetu, na madhali wahitaji hawapungui pamoja nayo, swali la nani atakayeshika mahali pake haliwezi kuachiwa maaskofu na wachungaji peke yao. Ni swali letu sote, tunaosali Jumapili na tunaoswali Ijumaa, kwa kuwa mtoto anayelala na njaa mtaani ni mtoto wa mtaa huo, iwayo yote dini ya wazazi wake.

Kwanza tutazame asili ya ruzuku yenyewe, kwa sababu aghalabu tunaidhania kuwa ni mali ya matajiri, inayochotwa katika hazina isiyokauka. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanza kazi Bagamoyo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, wakawapa chakula, mavazi, masomo na kazi za mikono. Gharama ya kazi ile ilibebwa kwa kiasi kikubwa na shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy. Na sharti la kuingia katika shirika hilo lilikuwa jepesi mno, kwamba kila mtoto asali na kutoa sou moja kwa mwezi, sarafu ndogo mfukoni mwa Mfaransa wa siku zile. Basi mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa aliyenusurika na minyororo akala akashiba Bagamoyo alilishwa na watoto wenzake, ambao hawakupata kumwona wala kulijua jina lake. Shirika hilo lingalipo, na katika parokia zetu tunawaona watoto wa Utoto Mtakatifu wakicheza mbele ya altare siku za sikukuu. Lakini ni wangapi kati yetu tunaowapigia makofi ambao tunajua kwamba shirika lao ndilo lililolisha yatima wa pwani yetu kwa sarafu za shaba?

Mashirika yaliyokuja baadaye yana nasaba hiyo hiyo. Misereor ilianzishwa na Wakatoliki wa Ujerumani mwaka 1958, nayo hukusanya sadaka ya Kwaresima. Brot für die Welt ya Waprotestanti wa nchi hiyo ilifuata mwaka 1959, nayo hutegemea sana sadaka ya Krismasi. Na Trócaire ya maaskofu wa Ireland, iliyoanza mwaka 1973, imejulikana kwa kisanduku cha karatasi ngumu kinachowekwa nyumbani siku zote za Kwaresima, baba, mama na watoto wakitia humo walichojinyima. Serikali zao ziliongeza juu ya sadaka hizo, na kwa kuongeza huko visima vikachimbwa, zahanati zikafunguliwa na watoto wakalipiwa ada. Ila mzizi wake ulikuwa mchango wa watu wa kawaida, waliokubaliana kutoa kidogo bila kukatiza. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyapokea miaka yote hii: mchango wa jumuiya za watu wengine.

Sasa jumuiya hizo zinapungua. Nchini Ujerumani watu zaidi ya 500,000 walijiondoa rasmi katika Kanisa Katoliki katika mwaka 2022 peke yake, na kila anayejiondoa huacha pengo katika kapu la sadaka. Upande wa Marekani, ambako tangu mwaka 2003 mpango wa Rais wa nchi hiyo wa kupambana na UKIMWI umelipia dawa na huduma katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, na mara nyingi kwa kupitia mashirika ya dini, mambo yalibadilika kwa kishindo: tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo USAID, shirika la misaada la serikali hiyo, likakoma kuendesha misaada hiyo. Siwalaumu. Mali ni yao, na fadhila si deni. Walakini aliyekuwa akingoja uji wa asubuhi hana habari na siasa za Washington, na njaa yake haikungoja siku 90.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana neno ruzuku likitajwa katika mikutano husikika kama jambo la maofisi. Katika wilaya moja ya mkoa wa Pwani nilifuatana na mhudumu wa wagonjwa wa majumbani, mama wa makamo aliyefunzwa na kanisa lake, ambaye begani alikuwa na mfuko wa turubai uliofifia rangi, na ndani yake mna glavu, kipande cha sabuni ya mche, pakiti za chumvichumvi za kutibu kuharisha na daftari lililopigwa mistari kwa rula. Tuliingia kwa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Mhudumu hakuanza kwa kuuliza maswali. Alichota maji, akamnawisha mtoto mdogo, akamkata kucha, kisha akaomba chupa ya dawa ya yule binti mkubwa, akavimwaga vidonge juu ya kifuniko cha ndoo na kuvihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

"Shikamoo tena, bibi, lakini leo tutagombana," alisema kwa upole. "Mbona vimebaki vingi?"

"Mwanangu," bibi akamjibu, "dawa hizi hazimezeki na tumbo tupu. Akizinywa bila kula, anatapika."

Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya ruzuku. Dawa zile hutolewa bure katika vituo vya afya, wala hakuna aliyemnyima binti yule dawa. Kilichokuwa kikimfikisha kwenye uzima ni kilo mbili za unga wa lishe, ambazo mradi wa kanisa uliolipiwa kwa ruzuku ulikuwa ukizileta kila wiki mbili, na nauli ya mama huyu aliyezibeba. Mradi ulipofungwa, unga ulikoma kwanza, nauli ikafuata. Mama huyu hajaacha kazi. Huzifikia kwa miguu nyumba zilizo karibu, lakini vijiji vilivyo ng'ambo ya mto havifikii tena. Serikali, kwa mapatano iliyoyafanya na makanisa mwaka 1992, inachangia hospitali zao zilizoteuliwa kuhudumia wilaya, nalo ni jambo la kushukuriwa. Ila mapatano ya hospitali hayafiki kwenye mlango wa bibi yule. Mlango ule hufikiwa na jirani.

Wala tusijidhili kwa kusema kwamba kazi hizi ni za wageni tangu mwanzo. Mwaka huo huo wa 1992 kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika Dar es Salaam, wakati ambapo mgonjwa wa namna hiyo alikimbiwa hata na ndugu wa damu, kilijikusanya ili kusaidiana, kikapata hifadhi katika Jimbo Kuu Katoliki la jiji hilo, na kutokana nacho ikakua huduma ya PASADA ya Chang'ombe, ambayo baadaye ilihudumia maelfu. Ruzuku ziliikuta kazi imekwisha kuanza.

Na ruzuku, pamoja na wema wake wote, ina mipaka ambayo kila aliyepata kuandika andiko la mradi anaijua. Huja kwa miaka mitatu, ilhali mtoto kipofu anayepelekwa katika shule ya Buigiri huko Dodoma, iliyofunguliwa na Waanglikana mwaka 1950, huhitaji malezi ya miaka kumi na zaidi. Ruzuku hulipia semina na mafuta ya gari, na pengine hukataa kulipia chakula, kwa kuwa chakula hakimo katika shabaha za mfadhili mwaka huo. Azimio la Arusha lilituonya tangu mwaka 1967 kwamba taifa haliwezi kujengwa juu ya fedha za kuomba, nasi tukaimba kujitegemea kwa sauti kubwa, kisha katika jambo hili la kuwatunza wanyonge, ambalo jadi yetu inajivunia kuliko yote, tukaacha tegemeo letu likae ng'ambo.

Je, hatuna uwezo? Nenda usharika wowote wa Kilutheri baada ya ibada ukaone mnada wa mazao: mkungu wa ndizi huuzwa, mnunuzi huurudisha, ukauzwa tena na tena, na jogoo mmoja akaleta thamani ya jogoo watano, watu wakicheka na kutoa. Tazameni majengo ya makanisa yaliyosimama kwa michango ya waumini, mfuko wa saruji kwa mfuko wa saruji. Tazameni kamati zetu za harusi, zinavyokusanya katika miezi michache fedha ambazo mradi wa yatima ungeziona ni utajiri. Sisemi harusi zipunguzwe. Furaha nayo ni haki. Nasema kwamba watu wanaoweza haya hawawezi kuitwa mafukara wa kutoa.

Haja yangu kwenu ni hii. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970, hukutana kila wiki, zina mwenyekiti, katibu na mhazini, na zinamjua kila mgonjwa kwa nyumba yake. Kila nyumba yenye uwezo itoe shilingi 1,000 kwa mwezi, ziandikwe katika daftari la peke yake, zisichanganywe na ujenzi wala na zaka. Parokia yenye jumuiya 40, kila jumuiya nyumba 20, itapata shilingi 800,000 kila mwezi: ni unga wa aila nyingi na nauli ya wahudumu kadhaa, na haihitaji andiko wala kibali cha mtu aliye mbali. Wasio Wakristo wanaoishi mtaa huo wakaribishwe kutoa wakipenda, na wakaribishwe pia kukaa katika kamati ya kugawa, kwa kuwa wanaopokea ni watu wa dini zote.

Kwenu viongozi wa makanisa nina neno zito. Mfadhili wa ng'ambo alidai stakabadhi na ukaguzi, nanyi mkavileta kwa wakati. Mama muuza maandazi anayetoa shilingi 1,000 anastahili insafu iyo hiyo. Hesabu zisomwe hadharani kila robo mwaka, tena zibandikwe mlangoni. Asiulizwe mtu dini yake kabla ya kupewa unga, wala baada ya kupewa. Na ikithibiti kwamba amana imeliwa, aliyeila asihamishiwe parokia nyingine kwa sitara. Afikishwe mbele ya sheria.

Nanyi mliojaaliwa mali, tazameni desturi ya wakfu, ambayo Waislamu wa pwani na visiwani wameitunza kwa karne nyingi, ya kufunga nyumba au shamba la minazi ili pato lake liwaendee wahitaji hata baada ya mwenyewe kufariki. Hakuna sheria inayomzuia Mkristo kufanya mfano wake. Kabla ya kutoa, uliza kama jimbo, dayosisi au taasisi unayoiamini ina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kisha mtafute wakili aandike hati inayotaja kwa uwazi kwamba kodi ya nyumba ile ni ya yatima na wazee wa mahali fulani na si ya matumizi mengine, nakala moja ibaki kwa watoto wako na nyingine kwa kamati ya jumuiya, ili wote wawe na haki ya kuuliza.

Mkutano wa jumuiya ujao, kabla ya kufunga sala, ombeni mhazini afungue daftari hilo jipya, na jina la kwanza liwe la nyumba yako.