Sadaka za watoto na soko la watumwa Unguja

Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoasisiwa Ufaransa mwaka 1843, liliwataka watoto Wakatoliki wasali kila siku na kutoa sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya wenzao wa ng'ambo. Sehemu ya sadaka hizo ilifika Unguja, ambako wamisionari waliowasili mwaka 1860 waliwakomboa watoto watumwa.

Hata hivyo, kukomboa kulikuwa kununua, na muuzaji hakukosa faida. Soko lilifungwa mwaka 1873, Uingereza ilipomshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba.

Leo watoto wa Tanzania nao hutoa sadaka kupitia shirika hilo. Huruma yao ni njema. Ni wajibu wa wakubwa kuhakikisha inagusa chanzo cha dhiki, si dalili zake pekee.